Magofu ya Watu Waliokuwa na Magofu Yao: Siku ya Basi Kutoka Athens Hadi Epidaurus

Ofisi za utalii za Athens huuza ziara ya siku moja ya mkoa wa Argolis, na ingawa kampuni zenyewe ni nyingi, njia yao ni ileile. Basi hutoka katikati ya jiji asubuhi, husimama kidogo kwenye Mfereji wa Korintho, hupanda Mycenae, hushuka Nafplio, huishia Epidaurus na kurudi jioni. Kwenye karatasi ya matangazo maeneo haya yote huwekwa chini ya kichwa kimoja, Ugiriki ya kale, kana kwamba waliojenga Lango la Simba la Mycenae waliishi jirani na waliokaa kwenye ngazi za ukumbi wa maonyesho wa Epidaurus. Kati ya kazi hizo mbili kuna takriban miaka 900, muda unaokaribia ule unaotutenganisha sisi na watu waliosali katika msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani kabla haujapanuliwa. Kwa mtu wa Epidaurus ya karne ya 4 KK, Mycenae ilikuwa tayari ni mahame: mji wa hadithi, wenye kuta ambazo hakuna aliyejua zilijengwaje. Jambo hilo halikuandikwa popote kwenye ile karatasi, lakini kwangu ndilo lililoipa ziara uzito, na kadiri basi lilivyosonga mbele ndivyo lilivyozidi kujitokeza kwenye kila kituo.

Nilikwenda na mjomba wangu, ambaye alifika Piraeus akiwa baharia kijana na hakurudi tena kuishi Tanga. Anakaa Kypseli, mtaa wa Athens wenye Waafrika wengi, na Kigiriki anakizungumza kwa kasi ya wauza samaki. Pamoja na miaka yote hiyo hakuwahi kukanyaga Mycenae. Nilipomwuliza kwa nini, alinijibu kwa swali.

“Mwanangu, wewe wa Tanga, umewahi kwenda Tongoni kutazama makaburi?”

Nilimwambia kwamba nilikwenda na shule, akasema safari ya shule haihesabiwi.

Wenzetu walikuwa wamejaza basi zima, wengi wao wastaafu waliovaa viatu vya kupandia milima, na wachache vijana waliolala kuanzia dakika ya kwanza. Sheria ya Ugiriki inamtaka mwongozaji wa watalii awe na leseni ya serikali, na huyu wetu, mama wa makamo mwenye mwavuli mwekundu wa kutuongozea, alionyesha mara moja kwamba leseni yake hakuipata kwa kuhifadhi majina tu. Alizungumza Kiingereza, kisha akayarudia yaleyale kwa Kifaransa. Sisi tuliofahamu kiasi lugha zote mbili tuligundua kwamba historia ya Kifaransa ilikuwa na vichekesho zaidi.

Barabara inayotoka Athens kuelekea magharibi hufuata kwa sehemu Njia Takatifu, ambayo mahujaji wa kale waliipita kwa miguu kwenda Eleusis kwenye ibada za siri za mungu wa kike Demeter. Leo Eleusis inaitwa Elefsina, na kinachoonekana dirishani ni matangi ya mafuta na meli zilizotia nanga. Ng’ambo ya maji kuna kisiwa cha Salamis, ambako mwaka 480 KK manowari za Wagiriki ziliwashinda Waajemi katika mlangobahari mwembamba. Mwongozaji alitupa hayo yote kwa muda wa kunywa chai, kwa sababu basi haliwezi kusimama kando ya barabara kuu. Baada ya hapo milima huisukuma barabara mpaka ukingoni mwa bahari, na muda si mrefu tukawa kwenye shingo nyembamba ya nchi inayoiunganisha Peloponnese na bara.

Kituo cha mfereji kimepangwa kwa ajili ya vyoo na kahawa. Watu wengi walikunywa kahawa, wakatembea hadi katikati ya daraja, wakapiga picha moja kuelekea kila upande na kurudi. Hata hivyo mfereji wenyewe unastahili zaidi ya hapo. Una urefu wa takriban kilomita 6.4, chini hauzidi upana wa mita 25, na kuta zake za mwamba hufikia karibu mita 80. Mtu akiinama kwenye reli huona maji ya samawati mbali sana chini yake, yamebanwa kati ya kuta zilizosimama wima. Ulikamilika mwaka 1893 baada ya kazi ya miaka 11, lakini wazo lake ni la kale. Katika zama za Wagiriki vyombo vya majini vilivutwa kwa nchi kavu kupita kwenye njia iliyosakafiwa kwa mawe, iitwayo diolkos. Mwaka 67 BK Kaisari Nero alikuja mwenyewe kuzindua uchimbaji, akaletewa mateka Wayahudi 6,000 kutoka vitani kwa mujibu wa mwanahistoria Josephus, na mwaka uliofuata akafa na kazi ikakoma. Mashimo waliyoyaacha watu wake yalikuwa bado yanaonekana wahandisi wa karne ya 19 walipofika, nao wakachimba kwenye mstari uleule.

Mjomba alitazama maji kwa jicho la kitaaluma. Alisema kwamba katika miaka yake yote baharini hakupita humo hata siku moja, kwa kuwa meli alizofanyia kazi zilikuwa pana mno, na kwamba mfereji huu ulichelewa: ulipofunguliwa, meli zilikuwa zimeanza kukua. Maelezo hayo mwongozaji aliyathibitisha kwa kutikisa kichwa, na kuanzia hapo wakawa wanazungumza Kigiriki wao kwa wao, nami nikawa napata tafsiri ambazo wengine hawakuzipata.

Kutoka mfereji hadi Mycenae ni mwendo mfupi. Korintho ya kale, mji wa ule waraka wa Mtume Paulo, ulibaki upande wetu wa kulia bila kutembelewa, jambo lililomsikitisha sana bibi mmoja aliyekuwa na Biblia mkobani. Baadaye milima hufunguka na uwanda wa Argolis hutokea, umejaa michungwa na mizeituni, na Mycenae yenyewe iko pembeni kwenye kilima kidogo kilichobanwa kati ya milima miwili mikubwa zaidi. Ukiwa barabarani huwezi kuitambua, maana rangi ya kuta ni rangi ya mlima.

Basi lilisimama kwanza chini ya ngome, kwenye jengo linaloitwa Hazina ya Atreus. Tuliingia kwa njia ndefu iliyochongwa ubavuni mwa kilima, yenye kuta za mawe kila upande, mpaka kwenye mlango mrefu ambao mafundi wetu wa ujenzi wangeutazama kwanza juu, kwenye linta. Kuna mawe mawili juu ya mlango huo, na lile la ndani hukadiriwa kuwa na uzito wa tani 120. Ndani ni chumba cha mviringo chenye kuba la urefu wa zaidi ya mita 13, lililojengwa bila tao la kweli: kila safu ya mawe imesogezwa ndani kidogo kuliko safu iliyo chini yake, hadi duara likajifunga juu kabisa. Mlima uliorundikwa nyuma ya mawe ndio unaoyabana yasianguke. Kwa zaidi ya miaka 1,000 baada ya kujengwa kwake haijulikani kuba pana kuliko hili, na bado limesimama.

Jengo hilo si hazina, nalo halina uhusiano wowote na Atreus, ambaye katika masimulizi ni baba yake Agamemnon, mfalme wa Mycenae aliyewaongoza Wagiriki katika Vita ya Troy. Ni kaburi la mtu mkubwa wa karne ya 14 au ya 13 KK ambaye jina lake limepotea, na liliporwa tangu zamani za kale. Jina la hazina tumelipata kwa msafiri Mgiriki aitwaye Pausanias, aliyezunguka Ugiriki katika karne ya 2 BK akiandika kila alichokiona na kila alichoambiwa na wenyeji. Alipofika Mycenae aliambiwa kwamba Atreus na wanawe walikuwa na majengo ya chini ya ardhi ya kuhifadhia mali, naye akaandika hivyo. Wakati huo Mycenae ilikuwa imekwisha kuvunjwa na jirani zake wa Argos tangu mwaka 468 KK, na majumba yake makubwa yalikuwa yameteketea karne nyingi kabla ya hapo. Kwa maneno mengine, Pausanias alikuwa mtalii kama sisi, na waliomsimulia walikuwa waongozaji wasio na leseni.

Kupanda kuelekea kwenye ngome ni kwa dakika chache, ila jua la mwisho wa Septemba lilikuwa bado kali na mawe yanateleza kwa kung’arishwa na viatu vya watu. Lango la Simba hutokea ghafla kwenye kona, katikati ya kuta mbili zinazombana anayekuja. Mpangilio huo ni wa kivita: adui anayeshambulia lango huwaachia walinzi ubavu wake wa kulia, usiokuwa na ngao. Juu ya mlango kuna jiwe la takriban tani 20, na juu yake pameachwa nafasi ya pembetatu ili uzito wa ukuta usililemee. Nafasi hiyo imezibwa kwa bamba lililochongwa wanyama wawili waliosimama wakitazamana, nguzo ikiwa kati yao. Vichwa vyao, ambavyo vilitengenezwa peke yake na kuunganishwa, vimepotea, kwa hiyo hata jina la simba ni la kukisia.

Kuta zenyewe zinapita unene wa mita 5 katika sehemu nyingi, na mawe yake ni makubwa kiasi kwamba Wagiriki wa zama za baadaye, hao hao waliojenga mahekalu ya marumaru, walisema kwamba hii haiwezi kuwa kazi ya binadamu. Walisema kuta zilijengwa na Cyclopes, majitu yenye jicho moja. Ninaipenda sana hadithi hiyo, si kwa majitu yake bali kwa kuwa ni kukiri kwao. Watu tunaowaita Wagiriki wa kale walisimama mahali tuliposimama sisi, wakatazama juu kama sisi, wakashindwa kueleza.

Kundi lilipanga foleni ya kupiga picha chini ya lango, kila familia ikisubiri nyingine itoke ili ionekane kwamba imefika peke yake. Mwongozaji hakusubiri. Alitupeleka wachache ndani, upande wa kulia, kwenye duara la makaburi. Hapo ndipo Mjerumani Heinrich Schliemann alipochimba mwaka 1876, akiongozwa na Homer, mshairi wa kale wa Vita ya Troy, kwa upande mmoja na Pausanias kwa upande wa pili, kwa kuwa Pausanias aliandika kwamba makaburi ya Agamemnon na watu wake yako ndani ya kuta. Schliemann aliamini kwamba kuta hizo ni hizi za ngome, wakati wasomi wengine walidhani ni kuta za mji ulio chini. Alipata makaburi matano ya shimo, na la sita likafunuliwa mwaka uliofuata na msimamizi Mgiriki, Panagiotis Stamatakis, ambaye walikuwa hawapatani hata kidogo. Kwa jumla makaburi hayo yalikuwa na miili 19, pamoja na dhahabu nyingi kuliko alivyotazamia mtu yeyote, ikiwemo barakoa ya mwanamume mwenye ndevu ambayo dunia nzima inaijua kama barakoa ya Agamemnon.

Barakoa hiyo ni ya karne ya 16 KK. Wagiriki wenyewe walipopiga hesabu zao, waliiweka Vita ya Troy karibu na mwaka 1184 KK, maana yake ni kwamba mtu aliyezikwa na barakoa ile alitangulia vita hiyo kwa zaidi ya miaka 300, ikiwa ilipiganwa kweli. Haya huandikwa katika kila kitabu cha mwongozo. Kilichonishtua ni kitu ambacho mwongozaji alikieleza kwa Kiingereza peke yake, huku wale Wafaransa wakiwa bado kwenye foleni ya picha. Wafalme waliojenga Lango la Simba, karibu mwaka 1250 KK, walikuta makaburi hayo yakiwa nje ya ngome yao, tayari yana umri wa karne tatu. Badala ya kuyapuuza, walipinda ukuta mpya ili uyazungushe, wakainua kiwango cha ardhi, wakasimamisha mawe ya alama upya, na kuzungushia yote duara maradufu la vibao vya mawe. Mtu aliyeingia mjini kwa lango kuu alilazimika kupita kando ya makaburi ya wazee ambao hakuna aliyekuwa hai kuwakumbuka. Walikuwa na mahali pao pa kumbukumbu, tena palipopangwa ili patazamwe.

Nilimtafsiria mjomba kwa Kiswahili, ingawa nina hakika alikwisha elewa.

“Basi hata wao walikuwa na mizimu yao ya kuipamba,” alisema, kisha akaniuliza kama kaburi la babu yetu kule Pangani limesakafiwa. Nilimjibu kwamba halijasakafiwa. Hatukuendelea na mazungumzo hayo.

Juu kabisa ya kilima palikuwa na jumba la mfalme, na sasa pamebaki sakafu na mahali pa moto mkubwa wa mviringo. Upepo huko juu ni mzuri, na ukitazama kusini unaona uwanda wote hadi baharini, jambo linaloeleza kwa nini mji ulijengwa hapa kuliko maelezo yoyote. Upande wa nyuma wa ngome kuna ngazi zinazoshuka chini ya ardhi hadi kwenye birika la siri lililoletewa maji ya chemchemi kwa mabomba ya udongo, ili watu wasife kwa kiu wakizingirwa. Kamba ilikuwa imefungwa mlangoni, na giza lilianzia kwenye ngazi ya kumi hivi.

Kwenye jumba dogo la makumbusho lililo chini ya kilima nilikaa muda mrefu kuliko nilioruhusiwa, kwa ajili ya vibao vya udongo. Watu wa Mycenae waliandika kwa mwandiko ambao wataalamu waliuita Linear B, na haukusomeka mpaka mwaka 1952, msanifu majengo Mwingereza Michael Ventris alipoonyesha kwamba lugha yake ni Kigiriki cha kale sana. Waliotarajia mashairi ya vita walipata hesabu za stoo. Vibao vya Mycenae vinaorodhesha viungo: giligilani, bizari nyembamba, ufuta, mnanaa. Mimi niliyelelewa na bibi aliyeuza viungo sokoni Ngamiani naona hiyo ni bahati kuliko shairi, kwa kuwa Agamemnon amenifikia kupitia midomo ya watu wengi mno, lakini karani aliyeandika kiasi cha ufuta hakuwa akimtungia mtu yeyote hadithi.

Baada ya hapo siku ilipoteza muda wake. Tulipewa chakula cha mchana katika hoteli inayohudumia mabasi tu, ambamo mabasi manne yalilishwa sahani ileile kwa wakati mmoja, kisha tukapelekwa kwenye karakana ya vyungu kuonyeshwa namna mtungi unavyochorwa. Onyesho lilichukua dakika tano na duka lilichukua dakika thelathini. Sina ugomvi na wafinyanzi, ambao kazi yao ilikuwa safi. Ugomvi wangu ni na hesabu ya muda. Dakika chache baadaye tulipita kando ya kuta za Tiryns bila kusimama. Tiryns ni ngome pacha ya Mycenae, na zote mbili zimo pamoja kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 1999. Pausanias aliandika kwamba hata jiwe dogo kabisa la kuta zake lisingeweza kusogezwa na nyumbu wawili, na mahali pengine akawalaumu Wagiriki wenzake kwa kuyastaajabia mapiramidi ya Misri na kuzisahau kuta hizi za nyumbani. Lawama yake ina umri wa zaidi ya miaka 1,800, na basi letu liliistahili. Mwongozaji alizitaja kuta kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulizungumza jambo hilo ofisini bila kusikilizwa.

Nafplio tuliiona kwa dakika za kupiga picha: bandari, kisiwa kidogo chenye ngome katikati ya maji, na juu ya mlima ngome ya Palamidi iliyojengwa na Waveneti mwanzoni mwa karne ya 18. Mji huu ulikuwa makao makuu ya mwanzo ya taifa la Ugiriki baada ya kujikomboa kutoka kwa Waturuki, na ndipo mtawala wa kwanza wa taifa hilo, Ioannis Kapodistrias, alipouawa mwaka 1831 mlangoni mwa kanisa. Mwaka 1834 serikali ilihamia Athens, mji ambao wakati huo ulikuwa mdogo na umechakaa, na sababu kubwa ya kuuchagua ilikuwa magofu yake. Mjomba alitaka kubaki pale, akakaa kwenye ukuta wa bandari akitazama boti, nasi tukamrudisha basini karibu kwa nguvu.

Epidaurus ni tofauti kabisa na Mycenae, na mtu huihisi tofauti hiyo kabla ya kuelezwa. Hakuna kuta za vita. Kuna misonobari, kivuli, bonde tulivu, na ubavuni mwa kilima ule ukumbi wa maonyesho wa karne ya 4 KK ambao ndio unaowaleta watu. Una safu 55 za viti vya mawe, 34 chini ya njia ya katikati na 21 juu yake, na hukadiriwa kubeba watazamaji kati ya 12,000 na 14,000. Ulihifadhika vizuri kwa sababu udongo ulioporomoka kutoka kilimani uliufunika kwa karne nyingi, mpaka Panagiotis Kavvadias alipoanza kuufukua mwaka 1881. Leo bado unatumika: tamthilia za kale huigizwa hapo kila kiangazi.

Kila mwongozaji hutakiwa kudondosha sarafu katikati ya uwanja wa duara, kupasua karatasi na kuwasha kiberiti, huku watalii waliopanda juu wakishangaa kwamba wamesikia. Kwenye zamu yetu makundi matatu yalikuwa yakifanya hivyo kwa pamoja, na mwanamume mmoja alikuwa akiimba opera kwa bidii kubwa kuliko sauti yake. Mwongozaji wetu alidondosha sarafu kwa kuwa ndivyo tulivyolipia, halafu akatuambia kwamba mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven, Uholanzi, walileta vipimo vyao hapa. Waligundua kwamba mlio wa sarafu hufika hadi juu, lakini kuanzia katikati ya viti mtu hawezi kutambua kama ni sarafu, na mnong’ono haueleweki kabisa isipokuwa mbele. Sauti ya mwigizaji aliyeinua sauti yake ndiyo inayoeleweka kila mahali, na hiyo ndiyo kazi ambayo ukumbi ulijengewa.

Tulijaribu wenyewe. Mjomba alipanda taratibu mpaka safu ya mwisho, akipumzika mara kwa mara na kujifanya anatazama mandhari. Nilipomnong’oneza kutoka kwenye jiwe la katikati, aliinua mikono kuonyesha kwamba ananiona nikichezesha midomo tu. Ndipo nikasimama vizuri na kusema kwa sauti ya kawaida ya barazani, “Shikamoo, mjomba!” Kutoka juu ilishuka “Marahaba!” iliyowageuza watu shingo, na yule mwimbaji wa opera akanyamaza.

Wengi wa wenzetu walirudi kwenye basi baada ya ukumbi. Ni hasara, kwa kuwa ukumbi ulikuwa nyongeza tu. Kilichowaleta watu Epidaurus ni hekalu la Asklepios, mungu wa uponyaji, na ukumbi ulitumika kwenye sherehe zake. Wagonjwa walikuja kutoka mbali, wakaoga, wakatoa sadaka, kisha wakalala katika jengo maalumu wakisubiri mungu awatokee ndotoni na kuwaponya au kuwapa dawa. Ilikuwepo nyumba ya wageni yenye vyumba 160, na walikuwepo nyoka wasio na madhara, waliohesabiwa watakatifu. Kwenye jumba la makumbusho la hapo kuna mabamba ya mawe yaliyochongwa shuhuda za waliopona, na msomaji yeyote aliyewahi kusimama karibu na mkutano wa injili au kusoma kibao cha mganga barabarani atautambua mtindo wake mara moja. Kleo alikuwa na mimba kwa miaka mitano. Akalala hapa, akatoka, akajifungua mtoto wa kiume ambaye mara moja alijiosha kwenye chemchemi na kutembea na mama yake. Ambrosia wa Athens, aliyekuwa na jicho bovu, alizicheka shuhuda za viwete na vipofu waliopona kwa kuota ndoto tu. Mungu akamtokea akamwambia kwamba atamponya, lakini alete hekaluni nguruwe wa fedha awe ukumbusho wa ujinga wake.

Pausanias aliyasoma mabamba haya. Aliandika kwamba zamani yalikuwa mengi zaidi, na kwamba katika siku zake yalibaki sita, yaliyoandikwa kwa lahaja ya Kidori. Alipokuwa akiyasoma yalikuwa na umri wa karibu miaka 500, na hekalu lilikuwa bado linapokea wagonjwa. Nadhani alisimama kama nilivyosimama mimi, kidogo akiamini, kidogo akitabasamu, huku mtu fulani akimwita kwamba muda umekwisha.

Sisi tuliitwa kwa mwavuli mwekundu. Basi lilirudi kwa barabara ya pwani, na ndani yake watu wote walilala isipokuwa dereva, mwongozaji na mjomba, ambao walikuwa wakibishana kwa Kigiriki kuhusu bei ya mafuta ya zeituni.

Kwa anayefikiria kuifanya ziara hii, ushauri wangu unahusu mpangilio. Dhahabu ya Mycenae haipo Mycenae; iko Athens, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia, na ya kule kilimani ni nakala. Mimi nilikwenda makumbusho kesho yake, nikajuta kutotangulia huko, kwa kuwa ningepanda kilima nikiwa nimekwisha kuwaona waliozikwa kwa vitu vyao. Katika vyumba vile kuna pia sanamu ndogo ya pembe ya ndovu ya wanawake wawili na mtoto, na mayai ya mbuni yaliyogeuzwa vyombo vya kinywaji na kuzikwa na wenye dhahabu. Mbuni hakutoka Ugiriki. Msomaji wa pwani yetu atavutwa hapo kuukumbuka mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 BK, unaoitaja pwani ya Azania na bandari ya Rhapta iliyouza pembe za ndovu kwa wingi. Lakini mwongozo huo ulikuja zaidi ya miaka 1,500 baada ya makaburi yale, na bidhaa za Mycenae zilipita mikononi mwa watu wa Misri na Shamu, kwa hiyo nisije nikafanya kosa lilelile la karatasi ya ziara na kuwaweka wote chini ya kichwa kimoja. Tanguliza makumbusho, basi, na kabla ya kulipa waulize kama basi litasimama Tiryns na duka la vyungu litachukua muda gani. Zipo kampuni zinazojibu swali hilo bila kuzunguka.